Nyumba Isiyo na Bendera

Sehemu ya Tisa

Kwi.

Kimya. Kisha tena: kwi.

Ndiyo sauti tuliyomwacha nayo Manyakallo wiki iliyopita, msomaji wangu. Kifuniko cha debe la unga kilikuwa kinasukumwa gizani, polepole, na mkono usiotaka kusikika. Na ndani ya debe lile, chini ya unga wa mahindi, ilifukiwa chupa ya brandi, nusu. Siri ya chupa hiyo aliijua Manyakallo na Mungu wake, basi.

Au ndivyo alivyodhani.

Alijiinua kitandani. Baridi ya Juni ya Mafeteng ikamng'ata nyayo. Mikono ilikuwa inamtetemeka; siku nne bila tone, mwili ulikuwa umegoma kumtii. Akapapasa fimbo ya marehemu mumewe, akaikamata, akawasha kiberiti.

Hakuwa mwizi.

Alikuwa Nyakallo, binti yake wa miaka saba, amechuchumaa na gauni lake la kulalia, unga umempanda hadi viwikoni, chupa iko mapajani. Mkononi ameshika penseli ya shule.

"Wewe! Unafanya nini na hiyo?"

"Naangalia, mama."

"Unaangalia nini usiku huu?"

Mtoto akaigeuza chupa ili mwali wa kiberiti uipige. Kwenye karatasi ya chupa palikuwa na vistari vya penseli, kimoja chini ya kingine, vingi, kama vidato vya ngazi.

"Kila siku kabla hujaamka naweka alama," akasema. "Nijue leo utakuwa mama gani."

Manyakallo akasogeza kiberiti karibu na karatasi.

"Ikishuka sana, sikuambii habari za shule. Ikishuka kidogo nakuambia, lakini fupi." Akapitisha kidole kwenye kistari cha mwisho. "Tangu Jumatano haijashuka. Nikadhani nimekosea kuchora."

Kiberiti kikamuunguza Manyakallo vidole. Akakiacha kianguke. Gizani humo alinyoosha mkono, akaichukua chupa, akatoka nayo nje bila viatu, akaimimina yote juu ya sakitu, ule umande ulioganda, iliyotanda uani. Harufu ikampanda puani. Na Mungu amsamehe, aliivuta.

"Imekwisha?" sauti ikauliza mlangoni.

"Imekwisha."

"Ulimwaga au ulikunywa?"

"Nilimwaga, mwanangu. Njoo unuse mdomo wangu."

Mtoto akaja, akanusa. Hakuwa na haya yoyote. Alinusa kama nesi.

*

Kwa msomaji aliyejiunga nasi leo, mambo yako hivi. Lebona, mume wa Manyakallo, alifia mgodini ng'ambo ya mpaka, sasa mwaka wa tatu. Mjane alivaa nguo nyeusi, siku zilipotimia akaivua. Kopo aliloshikishwa matangani wakati wa kulia, hilo hakulitua.

Mama mkwe, Malebona, alingoja akachoka. Jumatatu iliyopita alishuka kutoka milimani hadi kwa Chifu Letuka akasema: mahari ya ng'ombe ilitolewa, mtoto ni wa ukoo wetu, nipeni mjukuu wangu.

Na chifu, mbele ya wazee, akatoa neno lake: "Manyakallo, nasikia wapo watu wanaokutana kuachana na pombe. Nenda kwao. Jumapili saa kumi uje na mmoja wao, asimame hapa aseme, huyu ni wetu. Asiposimama mtu, Jumatatu mtoto anapanda basi na bibi yake."

Jumapili yenyewe ndiyo hii.

Cha kumwongoza alikuwa nacho kikaratasi alichopewa na nesi wa zahanati: *Saa nane mchana. Nyuma ya kanisa la mawe. Chumba cha pili. Muulize Phakiso.*

*

Saa saba na nusu walikuwa njiani, mama na mwana, wamejifunika blanketi moja.

Huku kwetu mwenye pombe hahitaji kupiga kelele. Anasimamisha mti uani, anafunga kitambaa cheupe juu, na dunia nzima inajua kuwa pombe ya mtama imeiva. Jumapili ile bendera zilikuwa tano kati ya nyumba ya Manyakallo na kanisa. Tano! Na kila moja ilikuwa inamjua kwa jina.

"Manyakallo!" aliita Matlotliso, mpishi wa pombe, kutoka ya tatu. Mwanamke mnene, mcheshi, mkarimu kuliko inavyofaa. "Bendera imepanda tangu asubuhi, wewe unapita tu kama mkaguzi wa serikali?"

"Nina safari, dada."

"Safari gani? Kopo lako linakuulizia hapa. Limekaa kwenye msumari wake linalia."

Walevi waliokuwa juani wakacheka. Mmoja akadakia: "Mwacheni, ameokoka! Wiki ijayo atatuhubiria!"

"Wiki ijayo atakuwa hapahapa," akasema mwingine, "na atadai la jana."

Manyakallo alisimama. Si kwa hasira. Alisimama kwa sababu goti lake lilisimama. Ule ubaridi, jua lile dogo, sauti ya kata ikichota kwenye pipa. Kopo moja tu lingeituliza mikono hii. Mtu anaweza kwenda mbele za watu akitetemeka hivi?

Akahisi anavutwa. Nyakallo hakusema kitu. Alishika ncha ya blanketi akatembea, na kwa kuwa blanketi lilikuwa moja, mama naye ikabidi atembee.

"Matlotliso," Manyakallo akageuka, "wale wanaokutana kuacha pombe, wanakutania wapi hasa?"

Kicheko kikazimika. Matlotliso akakuna kichwa kwa kata.

"Mimi nitajuaje? Hao hawana bendera."

*

Nyuma ya kanisa palikuwa na jengo refu la mabati, milango mitatu, bila kibao hata kimoja. Manyakallo akahesabu. Wa kwanza. Wa pili. Akasukuma.

Watu kumi na wawili hivi walikaa kwa duara, wamejifunika mablanketi yao. Jiko la mafuta ya taa liliwaka katikati. Mama mmoja alikuwa amesimama anaongea, machozi yanamtoka bila kelele.

"Huu ni mwaka wangu wa sita," alikuwa anasema, "na bila ninyi nisingesimama hapa leo. Mwanzo nilidhani nitakufa. Usiku ndiyo ulikuwa kazi."

"Tuko pamoja!" wakaitikia wote.

Manyakallo akahisi kitu kinamfunguka kifuani. Ndio hawa! Watu wanaolia mchana kweupe na hakuna anayewacheka!

Mwenyekiti, baba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamwonyesha kiti. "Karibu, mama. Keti na mtoto wako. Utaratibu wetu ni rahisi. Mgeni husimama, akasema jina lake na kilichomleta. Usiogope. Hapa kila mtu ameonja."

Kila mtu ameonja! Manyakallo akasimama kabla ujasiri haujamponyoka.

"Kwa jina naitwa Manyakallo," akaanza. "Nimekunywa miaka mitatu."

Chumba kikatulia. Alidhani ni utulivu wa kusikilizwa.

"Nilianza matangani. Nikanywa mshahara wa kiwandani, mpaka kiwanda kikaniacha. Lakini siyo hilo lililonileta." Akamwekea Nyakallo mkono kichwani. "Mwanangu ana kovu la maji ya moto mguuni. Niliwaambia watu nilikuwa nimekwenda bombani. Nilimwambia chifu hivyohivyo, nikala kiapo. Sikuwa bombani. Nilikuwa nimelala mlangoni, nimelewa saa nne asubuhi. Mtoto alikuwa na njaa, akabandika maji ya ugali mwenyewe. Alipoungua akanijia kuniamsha. Sikuamka. Akaniruka, akaenda kwa jirani kwa mguu mmoja."

Hakuna aliyesema tuko pamoja.

Mama aliyekuwa analia alikuwa amekauka macho. Karibu na dirisha katibu alikuwa anaandika, anaandika, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Kwa nini anaandika?

"Mama," mwenyekiti akavua miwani. "Umesema kwa moyo. Lakini hiki ni chama cha kufa na kuzikana."

"Nini?"

"Tunazikana. Huyu mama alifiwa na mumewe, ndiyo huo mwaka wa sita. Wale wa pombe tuliwahamishia stoo, mlango wa tatu. Sisi ni wengi kuliko wao, na maiti haina subira."

Mtu akacheka nyuma, akaziba mdomo kwa blanketi.

Manyakallo hakupata hata nafasi ya kuona aibu. Pazia la jikoni lilifunguka, akatoka mwanamke mrefu aliyebeba sinia la vikombe vya chai. Alitembea polepole, bila kumwaga, akaliweka sinia juu ya meza. Ndipo akainua uso.

Malebona. Mama mkwe wake. Mwanachama wa chama kile kwa miaka kumi na mmoja, ingawa anaishi milimani.

"Endelea, mkwe wangu," akasema. "Mbona umenyamaza? Ulikuwa umefika mtoto anapokuruka."

"Mama..."

"Nilimfunga kidonda kile mwezi mzima nilipokuja Pasaka. Nikakuuliza, maji yalimpataje? Ukanitazama machoni." Hakupaza sauti. Alikuwa anawapangia watu vikombe. "Katibu, umeyaandika?"

"Yote, mama. Kama kanuni inavyotaka."

"Ukurasa huo nitauhitaji saa kumi." Akamnyooshea mjukuu wake mkono. "Nyakallo, njoo kwa bibi."

Mtoto akamtazama bibi, akamtazama mama. Hakusogea.

*

Uani, Manyakallo alijiegemeza ukutani, Nyakallo amemshika blanketi.

"Mlango wa tatu ni huu hapa," sauti ikasema. "Wengi hukosea. Mwaka jana mmoja aliingia kwenye kwaya, akaimba naye saa nzima kabla hajauliza."

Alikuwa mzee mfupi, kifua chake kikikoroma kama cha watu waliokula vumbi la migodi. Kiko kilikuwa mdomoni, hakina moto.

"Phakiso?"

"Ndiye. Nimesikia. Mabati haya hayazuii kitu." Akamgeukia Nyakallo, akatoa kipande cha mkate mfukoni. "Mjukuu wangu, kaa hapa kizingitini, ule jua na mkate. Mama yako hakawii."

Ndani ya stoo palikuwa na giza na harufu ya mishumaa ya zamani. Viti havikuwapo. Watu watatu walikalia kreti za bia zilizopinduliwa, na Phakiso akamsogezea Manyakallo ya kwake.

"Kanisa lilitupa hizi baada ya harusi," akasema. "Tunakalia tulichokinywa."

Wa kwanza alikuwa mwalimu kijana, dada mwenye macho mekundu. Wa pili dereva wa lori. Wa tatu alijificha kwenye blanketi hadi puani, kofia ya sufu imemshuka nyusini.

"Sisi hatuna mwenyekiti wala katibu," Phakiso akasema. "Kalamu yenyewe hatuna. Kinachosemwa hapa kinakufa hapa, na nani alikuwepo, hilo nalo linakufa hapa. Haya, jina lako."

"Manyakallo."

"Hilo ni la mtoto. Mtoto anakunywa?"

"Hapana!"

"Basi usimwingize humu. Mwache huko mlangoni na mkate wake. Lako wewe ni lipi?"

Msomaji wangu, swali hilo kwa mwanamke wa kwetu si dogo. Siku ya harusi mama mkwe humvika bibi harusi blanketi, na pamoja na blanketi humvika jina: mama wa fulani, naye huyo fulani hata mimba yake haijatungwa. Tangu siku hiyo jina la usichana halitajwi tena. Mume halitaji. Majirani hawalijui. Manyakallo alikuwa hajalisikia lake miaka tisa.

Ikabidi alitafute, kama mtu anayetafuta ufunguo wa nyumba aliyohama zamani.

"Selloane," akasema. Likatoka kavu. Akarudia. "Jina langu ni Selloane. Ni mlevi."

"Karibu, Selloane," wakaitikia.

Na katika sauti zile palikuwa na moja aliyoijua. Aliisikia Jumatatu iliyopita, mbele ya wazee, ikimhukumu.

Yule wa tatu akashusha blanketi usoni.

"Jina langu ni Letuka," akasema, akitazama chini. "Leo ni siku yangu ya arobaini na mbili."

"Chifu!"

"Hapa hapana chifu," Phakiso akasema kwa upole.

Manyakallo alitaka kucheka, alitaka kulia. Kwanza furaha ilimpanda: huyu ananijua sasa, huyu ni wangu, mtoto amepona! Kisha hesabu ikamrudia taratibu, kwamba kinachosemwa hapa kinakufa hapa, na kila hatua yake ilikuwa chungu kuliko iliyotangulia.

"Mzee Phakiso, twende wote saa kumi. Useme maneno mawili tu. Huyu ni wetu."

Mzee akakitoa kiko mdomoni.

"Mwanangu, nikisema wetu, watu watauliza, ninyi ni akina nani? Huyu mwalimu atafukuzwa kazi Jumatatu. Dereva atanyang'anywa lori. Nitakuja nisimame langoni, unione. Kusema, siwezi."

"Ni mtoto wangu!"

"Najua. Mimi wangu walichukuliwa wote wanne."

Manyakallo akamgeukia yule wa kreti ya mwisho. "Na wewe. Uliniambia nilete shahidi, na ulikuwa unajua kwamba hapa hatoki shahidi. Ulikuwa unajua!"

Letuka alikuwa anasugua magoti yake kwa viganja. "Wazee walikuwa wamekaa. Malebona alikuwa analia. Nilisema kilichonijia mdomoni."

"Na leo kitakujia kipi?"

"Sijui," akasema chifu.

Kabla ya kuachana walishikana mikono, watano, wakaapa. Selloane naye aliapa. Ulikuwa uungwana wa kwanza aliotendewa kwa miaka mitatu, kuaminiwa siri, na ulimkaa kooni kama mwiba.

*

Saa kumi kamili.

Chifu Letuka alikuwa kitini pake kando ya zizi la mawe, amebadili blanketi, kofia ya sufu hakuna. Wazee wanne walikuwa kwenye benchi. Langoni alisimama mzee mfupi, amevua kofia, kiko hakina moto.

Ukurasa wa katibu ukasomwa. Wote. Mpaka neno *akaniruka*.

"Manyakallo, ni maneno yako?"

"Ni yangu."

"Na kiapo ulichokula hapa, kwamba ulikuwa bombani?"

"Kilikuwa uongo, Chifu."

Mzee mmoja akatema mate pembeni. Malebona akasimama, mrefu, mnyoofu.

"Mimi naitwa Malebona," akasema. "Mama wa Lebona. Lebona wangu yuko chini, na jina lake mnaniita bado, kila siku, sokoni, kanisani, mnaniita kwa jina la maiti. Sikatai. Ila huyu mtoto ndiye wake aliyebaki juu ya ardhi. Simchukii mkwe wangu. Lakini jana kaungua mguu, kesho ataungua nini? Nipeni."

Hata Manyakallo moyoni mwake aliona kuwa mama mkwe anasema kweli, na hiyo ndiyo iliyokuwa shubiri yenyewe.

"Shahidi yuko wapi?" akauliza mzee wa benchi. "Chifu alisema mtu asimame."

Hakusimama mtu. Langoni, Phakiso alikuwa anaizungusha kofia mikononi.

Chifu akakohoa. Akatazama wazee, akatazama mawe ya zizi.

"Labda tusiwe na haraka," akasema. "Siku nne si kitu kidogo. Mimi naona tumwongezee Selloane wiki mbili, tuone..."

Akajishika mdomo. Alikuwa amechelewa.

"Nani?" akauliza Malebona.

Ng'ombe mmoja alipiga chafya zizini.

"Umesema nani, Chifu?"

"Manyakallo. Nimesema Manyakallo."

"Umesema Selloane." Malebona alisogea hatua moja. "Jina hilo nililizika mimi, kwa mikono yangu hii, siku nilipomvika blanketi. Harusi ilikuwa milimani, wewe hukuwepo. Mwanangu hakulitaja hata alipokuwa anagombana naye. Baba yake aliyempa yuko kaburini. Umelitoa wapi?"

"Watu husema..."

"Watu gani?"

Wazee wakainama mbele, wote wanne, kama wanaosikiliza shimo.

Manyakallo alimtazama chifu. Sema, macho yake yalisema. Neno moja lako linatosha, na shahidi atakuwa amesimama. Alijua pia kuwa yeye mwenyewe angeweza kulisema. Lilikuwa limejaa mdomoni. Lakini alikuwa ameapa, akiwa Selloane, na kwa miaka mitatu ile hakuna neno lake hata moja lililowahi kutimia. Akauma ulimi mpaka akaonja damu.

Letuka alitazama viatu vyake.

"Sikumbuki nilikolisikia," akasema.

"Basi," Malebona akashusha pumzi. "Kama mwenye kusema hayupo, neno la Jumatatu ndilo neno. Nyakallo, twende tukafunge nguo zako."

Akamshika mjukuu mkono. Safari hii mtoto alisogea. Hatua moja, ya pili. Blanketi la mama likamteleza mabegani, likabaki upande mmoja.

Kisha akasimama. Aligeuka akamtazama chifu, kichwa kimeinama kidogo, kwa utulivu uleule alioutumia usiku kupima chupa na kistari chake. Watu wazima watano walikuwa wameapa katika stoo ile. Wa sita alikuwa kizingitini anakula mkate, na hakuna aliyekumbuka kumwapisha.

"Chifu alikuwa amekaa kwenye kreti karibu na mama," akasema Nyakallo.